Sikia Vema Kabla ya Kutia Sahihi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Leo sikusimama kusema habari za mshahara, bali habari za sikio. Lakini mshahara nao waweza kupotea kwa njia ya sikio.

Kabla sijaingia relini nilifanya kazi mahali pengine, na kila mwaka tulitia sahihi mkataba upya. Mwaka mmoja kazi ikapungua, watu wakaanza kupunguzwa. Karani akamwita mwenzetu mmoja, akampa karatasi na kusema neno moja la Kiingereza. Ndugu yetu akadhani ni mkataba mpya, akatia sahihi kwa furaha. Kumbe karatasi yasema ameacha kazi kwa hiari yake. Alipodai haki yake, akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe.

Maneno ni mawili. "Re-sign" hutamkwa rii-SAIN, kwa S kama ya saa. Maana yake ni kutia sahihi tena. "Resign" hutamkwa ri-ZAIN, kwa Z kama ya zawadi. Maana yake ni kuacha kazi. Katika maandishi tofauti ni kistari kidogo tu.

Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mtu akipunguzwa kazini alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Aliyeacha mwenyewe hapati malipo hayo.

Na hiyo 15 pia ina mtego wake. "Fifteen" ni fif-TIIN, nguvu iko mwisho na sauti huvutwa. "Fifty" ni FIF-ti, nguvu iko mwanzo, na maana yake ni 50. Sisi watu wa reli twajua hatari ya kukosea mwendo wa treni. Ukipewa hesabu kwa simu, irudie tarakimu moja moja: "one five" au "five zero". Aliyekupa akikubali, ndipo uiandike.

Tusione haya. Kiswahili kina vokali 5 tu, bali Kiingereza kina sauti za vokali karibu 20, fupi na ndefu. "Leave", liiv, ni likizo. "Live", liv, ni kuishi. Kwa hiyo mtu aombaye likizo huonekana anaomba ruhusa ya kuishi!

Ndugu zangu, sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri amweleze mkataba, kwa lugha anayoielewa, mtu asiyejua kusoma au asiyeielewa lugha ulioandikwa. Basi ukipewa karatasi usiyoielewa, usiguse kalamu. Sema, "Nieleze kwa Kiswahili." Ukiharakishwa, mwite mwakilishi wetu wa chama asome pamoja nawe. Kuuliza si ujinga, na sahihi ikishatiwa haifutiki kwa machozi.