Yule Ambaye Kura Haikumwangukia
(Maneno ya katekista mmoja kwa wababa na wamama wa parokia, katika juma la Jubilei)



Baba Paroko aliniomba niseme juu ya kazi na imani. Kwanza nilifikiri kuisifu kazi, kama tufanyavyo kila tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Lakini wengi wetu tulioketi hapa tunaipenda kazi tangu zamani. Kazi ndiyo haikutupenda sisi. Nitasema juu ya hao, kwa kuwa mimi ni mmoja wao.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, tunasoma jinsi mitume walivyotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda. Walisimamisha watu wawili, Yosefu aitwaye Barsaba, na Matia. Wote wawili walikuwa wamefuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yoane hata siku ile alipopaa mbinguni. Wakasali, wakapiga kura, nayo ikamwangukia Matia. Sikukuu yake tunaiadhimisha tarehe 14 Mei. Na Barsaba je? Kitabu hicho hakisemi neno lingine juu yake. Katika seminari ndogo tuliisoma sura hiyo mara nyingi, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mtu yule alirudi nyumbani na uso gani. Mimi nilianza kuuliza nilipokuwa na miaka arobaini na miwili.

Nilikuwa nimefanya kazi ya karani wa depo katika kampuni moja kwa miaka kumi na minne. Mkubwa wetu alipostaafu, kila mtu alijua nani atakaa katika kiti chake. Hata mke wangu alikwisha kuwaambia majirani. Kiti kikapewa kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kujaza fishi za mali iingiayo na itokayo. Niliandika barua kwa heshima kuuliza sababu. Haikujibiwa. Sitaki kuwadanganya, ndugu zangu: niliwakasirikia watu, kisha nikamkasirikia Mungu. Nikaacha kufundisha katekismu, nikatuma neno kwamba nina homa. Homa ile ilidumu majuma sita.

Aliyekuja kuniangalia ni mzee anayefundisha ekipe ya vijana wa parokia. Hakuja na Biblia. Alikaa kwenye kibaraza, akaanza habari za mpira, kama ilivyo desturi yake. (Wanaomjua, naona mnacheka.) Akafika mwaka 1974, mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa.

Mwaka ule nchi yetu, ikiitwa Zaïre, ilikuwa ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia, kule Ujerumani ya Magharibi. Mlinda goli alikuwa Kazadi Mwamba wa TP Mazembe ya Lubumbashi, ekipe ile iliyoitwa Englebert ilipotwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, tulicheza na Yugoslavia. Goli tatu ziliingia kabla ya dakika ya ishirini. Hapo mfundishaji akamtoa Kazadi, mbele ya dunia nzima. Akatazama goli nyingine sita zikimwingia mwenzake. Siku hiyohiyo mwamuzi alimfukuza uwanjani Ndaye Mulamba, aliyefunga goli tisa katika Kombe la Afrika mwaka uleule, kwa teke ambalo mwenzake ndiye alilipiga.

Nilidhani mzee ataniambia nivumilie. Lakini aliniuliza: «Mwalimu, siku nne baadaye, nani alisimama golini mbele ya Brazil?»

Sikujua. Alikuwa Kazadi, katika uwanja uleule. Brazil walihitaji kushinda kwa tofauti ya goli tatu ili waendelee mbele, nao wakashinda tatu kwa sifuri. Goli la tatu lilimpita Kazadi chini ya mwili wake, mpira ambao angeweza kuudaka. Mzee hakunificha hilo. «Hakurudi apate sifa,» akasema. «Goli lilitaka mtu.»

Nakiri kwamba mwanzo neno hilo lilinichukiza. Goli tisa si faraja kwa mtu yeyote. Tena wapo wanaohubiri kwamba Mungu akifunga mlango mmoja hufungua mwingine mkubwa zaidi. Huenda ni hivyo. Mlango wangu huo bado sijauona. Wala sisemi tuite haki jambo lisilo la haki: barua yangu ilikuwa halali, na leo ningeiandika tena. Baba Mtakatifu Yoane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Nilikuwa nimewafundisha vijana maneno hayo, huku jina langu, heshima yangu nyumbani, hata sala zangu, nimeviweka vyote juu ya kiti kimoja cha biro. Je, Barsaba alimfuata Bwana miaka ile yote ili apate kiti? Usiku ule sikuweza kulala kwa swali hilo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa wakatekumeni wangu. Walikuwa wamejifunza peke yao hata kufika kwenye sakramenti ya Kitubio, na mengi walikuwa wameyapindua.

Kazini ilikuwa ngumu zaidi. Kwaresima nzima ilipita kabla sijaweza kumwita kijana yule «shefu» bila kuuma meno. Kisha jioni moja, mwisho wa mwezi, nilimkuta peke yake mbele ya daftari la mafuta, hesabu zikikataa kulingana. Mahali zinapopotelea nilipajua. Nilikuwa nimezitafuta miaka kumi na minne. Nikavuta kiti, nikakaa pembeni yake. Tulimaliza saa mbili za usiku.