GARI LA MATOPE: TUANZE NA NINI?

Hotuba ya Msimamizi wa Magari wa Chama, iliyosomwa mbele ya wageni na wanachama katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Wenzangu walionitangulia wamenena habari za ng'ombe, za hesabu na za soko la maziwa. Mimi nimeagizwa niseme habari za magari, kazi niliyoishika tangu Chama chetu kilipoanza. Sitasema mengi, na nitakayoyasema ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, au niliyojifunza kwa hasara.

Kila mmoja wetu ajua kwamba Mkutano Mkuu umetenga fedha za kuyaongezea uwezo magari yetu mawili ya magurudumu manne, ili yaweze kufika vijiji vya juu hata wakati wa mvua kubwa. Tangu habari hiyo ilipoenea, wanachama wengi wamenijia na mashauri. Huyu ataka winchi, yule ataka gari liinuliwe juu, na mwingine ameliona gari la watalii lenye bomba refu la hewa ubavuni, naye ataka letu liwe kama lile. Mashauri yote hayo yametoka katika nia njema. Lakini fedha hazitoshi kwa yote, na hata kama zingetosha, si yote yatufaayo. Kila kitu kinachoongezwa katika gari kina bei mbili: bei ya dukani, na bei ya barabarani. Ile ya dukani hulipwa mara moja; ile ya barabarani hulipwa kila siku.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba gari la namna hii ni mtoto wa shamba. Mwaka 1947 Bwana Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na humo alitumia jeep iliyobaki baada ya vita. Kwa kuitazama ile jeep ikifanya kazi, likaja wazo la kuunda gari la mkulima. Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Gari lile lilikuwa na matairi membamba na halikuwa na pambo lolote, nalo lilipanda milima. Basi tujue kwamba uwezo mwingi tunaoutafuta umo tayari ndani ya gari tangu kiwandani. Kazi yetu ni kuutunza na kuuongeza kwa kiasi, si kulivika gari mavazi.

Wazee wetu husema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mvivu atafutaye sababu ya kukaa. Lakini anunuaye mitambo kwa fedha ya watu hana budi kuchagua, tena achague baada ya kuitazama ardhi. Nchi yetu ilionyeshwa jambo hilo zamani. Ule Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa ulileta matrekta mengi, mengine ya mitumba kutoka vitani, kabla udongo na mvua za mahali pale havijajulikana vizuri. Kiangazi kilipofika, ardhi ikawa ngumu kama tofali na kuzivunja zana. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea.

Bwana Mwenyekiti, sina haja ya kwenda mpaka Kongwa kutafuta mfano. Upo mmoja wa hapa kwetu, na mkosaji ni mimi. Katika mwaka wa nne wa Chama, niliishauri Halmashauri inunue winchi ya umeme pamoja na bampa zito la chuma la kuibeba. Matairi ya gari lile yalikuwa yamekwisha kashata, karibu kuwa vipara, nami nikasema yatasubiri msimu ujao. Masika ikaingia. Asubuhi moja gari likashuka kutoka vijiji vya juu na keni 18 za maziwa, likateleza katika ule udongo mwekundu, likaingia mtaroni. Tukavuta waya wa winchi, lakini mahali pale palikuwa na majani ya ng'ombe tu. Mti uliokuwa karibu ulikuwa mparachichi mdogo, nao uking'oka na mizizi yake. Tulipolitoa gari jua lilikuwa limekwisha pinda, na maziwa yalikuwa yameganda. Lita 720 zilimwagwa. Wenye maziwa walilipwa, lakini walilipwa kutoka katika mfuko wao wenyewe, maana Chama hakina mfuko mwingine. Siku ile nilijua kwamba nilikuwa nimenunua dawa ya kukwama, nikaacha kununua kinga ya kukwama.

Kwa hiyo naomba kuyaweka mbele yenu mambo yatupasayo kufanya, kwa mpango wake, la kwanza likiwa la kwanza.

La kwanza ni dereva. Nimepata kuitwa usiku niende kulikwamua gari, nikakuta kwamba dereva ameingiza giya ya magurudumu manne lakini habu za mbele hazikufungwa. Hivyo gari lilikuwa likisukumwa na magurudumu mawili tu. Dereva apaswa kuzifunga habu na kuingiza giya nzito kabla hajaingia topeni, wala si baada ya kuzama. Ashuke, atembee kwa miguu yake, apime kina kwa fimbo, ndipo apite. Tena ajue kwamba katika barabara ngumu ya lami, gari letu lisiendeshwe kwa magurudumu manne, kwa sababu mitambo hujisokota na kuvunjika. Mafunzo haya gharama yake ni ndogo kuliko chuma chochote.

La pili ni matairi. Nguvu yote ya injini hufika ardhini kupitia sehemu nne tu, kila moja haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Hapo ndipo fedha yetu ya kwanza iende. Kwa njia zetu yafaa tairi lenye kashata kubwa zilizoachana, ili matope yatupwe nje gurudumu linapozunguka. Lisiwe pana kupita kiasi: mahali penye utelezi juu na ardhi ngumu chini, tairi jembamba hukata matope likafika penye kushika, hali tairi pana huelea juu yake. Kila dereva awe na geji na pampu ya upepo. Gari tupu lenye upepo wa ratili 35 likipunguzwa hadi 25, tairi hulala chini zaidi na kushika vizuri zaidi. Lakini likiwa na mzigo lisipunguzwe hivyo, na lifikapo barabara ngumu lijazwe tena kabla ya kwenda kasi, vinginevyo tairi hupata moto na kupasuka. Pamoja na hayo, nashauri tununue minyororo ya matairi. Katika udongo mwekundu uliolowa, mnyororo ufungwao kabla ya kupanda kilima hushinda vitu vingi vya bei kubwa.

La tatu ni vifaa vya kujikwamua: sepeto mbili, mbao za kuweka chini ya matairi, jeki pamoja na ubao mpana wa kuikalia isizame, mkanda imara wa kuvutia, na ndoano za kweli zilizofungwa kwa bolti katika chesisi, mbele na nyuma. Hapa nataka wote mnisikilize, pamoja na vijana wetu wapendao kusaidia. Kamwe gari lililokwama lisivutwe kwa kile kifundo cha kufungia tela. Hakikuundwa kwa kazi hiyo, na kikikatika hurushwa kama risasi, nacho kimekwisha kuua watu katika nchi mbalimbali. Waya au mkanda ukishakazwa, watu wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa waya wenyewe, na mtu asiuruke hata kidogo. Juu ya waya litupwe gunia zito au blanketi, ili ukikatika usipate nguvu ya kupiga. Maziwa yakimwagika twaweza kukamua mengine kesho.

La nne ni springi na shokapu, zilingane na mzigo tunaobeba. Keni moja ya lita 40 ikijaa hukaribia kilo 50. Keni 20 ni kilo 1,000, na huo ndio ukomo wa magari yetu. Basi fikirini: winchi na bampa lake vyapata kilo 100. Maana yake ni kwamba kila siku, mvua na kiangazi, gari lile limekuwa likiacha keni mbili za wanachama barabarani, au likizibeba kwa kuzidi uzito na kuvunja springi. Hiyo ndiyo bei ya barabarani niliyoisema.

La tano ni jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Ekseli ina kitundu cha kupumulia. Gari likitembea, mafuta ya difu hupata moto. Likiingia mtoni ghafula, hupoa na kuvuta ndani, na kama kitundu kile kiko chini ya maji, huvuta maji. Fundi akifungua difu hukuta mafuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na meno ya giya yameanza kuliwa. Dawa yake ni kipande cha mpira mwembamba kupandishwa juu hadi penye injini. Bei yake haifiki bei ya keni moja tupu, nayo huokoa difu nzima.

La sita, ikiwa fedha zitabaki, ni difu ya kufunga. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili ya ekseli moja nguvu zilizo sawa. Gurudumu moja likining'inia shimoni huzunguka bure kwa nguvu kidogo, na mwenzake aliye ardhini hupata kidogo kile kile, gari likasimama. Difu ikifungwa, magurudumu yote mawili hulazimika kuzunguka pamoja. Ni kitu chema sana penye makorongo. Lakini huufanya usukani kuwa mzito wa kukata kona, na mzembe aweza kuvunja nayo ekseli. Nashauri tuweke moja tu, ya nyuma, kwa gari la vijiji vya juu.

Sasa niseme yale ninayoshauri tuyaache. Kuliinua gari kwa springi ndefu kwapendeza macho, lakini huinua bodi tu. Katika gari la ekseli nzima kama haya yetu, difu hubaki pale pale ilipokuwa; kiinuacho difu ni tairi refu peke yake, na hilo nalo lazidisha kazi ya giya na breki. Tena gari lililoinuliwa, lenye maziwa yanayotikisika ndani ya keni, hupinduka upesi penye mteremko wa ubavu. Lile bomba refu la hewa, yaani snokeli, huiwezesha injini kuvuta hewa ya juu isiyo na maji wala vumbi jingi, na kwa wavukao mito mirefu ni kitu cha maana. Sisi mito yetu haivuki magoti, na mto upitao hapo gari letu lisiuingie hata kama lina mabomba matatu. Afadhali tununue chujio jipya la hewa kila wakati wake unapotimia.

Mtaniuliza, na ile winchi je? Hatutaitupa. Tangu mwaka jana tumeihamishia gari la njia ya msituni, ambako miti mikubwa haikosekani, nasi twatumia mkanda mpana kuzunguka mti ili gamba lisikatwe. Katika njia ile imekwisha kulipa sehemu ya deni lake. Kitu hakikuwa kibaya. Kiliwekwa mahali pasipo pake, tena kabla ya wakati wake.

Ndugu Wanachama, mwezi ujao mtaketi kuamua. Orodha yangu Katibu anayo, na ndani yake vitu vya kwanza havina fahari. Gari likitoka karakana, mtu apitaye njiani hataona tofauti ila matairi mapya. Huenda wengine wakauliza fedha zimekwenda wapi. Jibu lao litakuwa pale kituoni, masika ijayo, mama wa kijiji cha juu kabisa atakapoona maziwa yake ya asubuhi yamefika katika tangi la kupozea kabla hayajaharibika, na jina lake limeandikwa kitabuni kwa lita zake zote.

Miaka kumi iliyopita maziwa yalibebwa kichwani. Wale waliobeba ndio walionunua magari haya, shilingi kwa shilingi. Yatupasa sisi tuliokabidhiwa funguo tusiwarudishe walikotoka kwa kupenda vitu vya kung'aa.