Ngazi Zilizoachwa na Maji
Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Malolo kuhusu mto, mmomonyoko na viwanja vya kujengea



Nimeombwa nijibu maswali mawili ambayo hurudi kila msimu wa mvua: kwa nini kingo za mto zinaliwa, na mtu atajuaje kwamba kiwanja anachokitaka hakitafikiwa na maji. Nitayajibu kwa kupitia kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukipa jina, nacho ni ngazi za mto.

Ukitoka majini na kukwea kuelekea kijijini, kando ya mto wowote unaoteremka milimani, mara nyingi hukwei mteremko mmoja. Unapanda ukingo mfupi, unafika kwenye uwanda. Unapanda ukingo mwingine, unakuta uwanda wa pili, na pengine wa tatu. Kila uwanda wa namna hiyo ulikuwa sakafu ya bonde hapo kale. Mto ulipita hapo, ukafurika, ukatandaza mchanga na tope lake. Kisha ukachimba kwenda chini na kuuacha uwanda ule ukining'inia juu. Tusiuchanganye na matuta ya ngazi ambayo wakulima huchimba mlimani kuzuia udongo, yale ambayo Waluguru walilazimishwa kuyachimba enzi za Mwingereza hadi wakayapinga hadharani mwaka 1955. Ngazi ninazozisema zilichongwa na mto wenyewe.

Ushahidi wake umo ndani ya mashimo. Fundi anayechimba kisima au choo, mbali na mto na juu yake, akikutana na tabaka la kokoto za mviringo zilizolainika, ajue amefika kwenye njia ya zamani ya maji. Kokoto hulainika namna hiyo zinapobingirishwa na mto kwa muda mrefu.

Sasa, kwa nini mto uliacha sakafu yake ukachimba chini? Jibu linalopendwa ni kwamba nchi ilipanda. Milima yetu ya Rubeho na Udzungwa, na Uluguru ng'ambo ya pili, ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa kwenye mipasuko ya ardhi, na nchi inapoinuka mto hupata mteremko mkali na kukata kwa nguvu. Lakini hilo si jibu pekee. Mto hukata chini pale nguvu ya maji inapouzidi mzigo wa mchanga, na hujaza bonde pale mzigo unapoizidi nguvu. Mvua zikibadilika kwa karne kadhaa, au msitu ukitoweka vilimani, mto unaweza kujenga uwanda na kuukata tena bila nchi kupanda hata kidogo. Ngazi moja peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba nchi imepanda.

Ndiyo maana wachunguzi wa jambo hili hupenda kuanzia pwani, kwa sababu bahari ni kipimo ambacho mto hauna. Matumbawe huota chini ya maji. Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, nayo matumbawe hayakui nchi kavu. Kwetu Tanzania, watafiti wa miaka ya 1960 walizichunguza ngazi za pwani ya kaskazini na kuzipa majina ya Mtoni, Tanga na Sakura.

Inajulikana kwamba takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Basi mwamba wa matumbawe wa umri huo ukiukuta kwenye kimo hichohicho, nchi haikupanda. Ni bahari iliyoshuka. Ukiukuta, tuseme, mita 30 juu, toa mita 7 za bahari, zitabaki 23 ambazo ni kazi ya nchi: chini ya milimita 0.2 kwa mwaka. Huko Papua New Guinea, kwenye rasi ya Huon, matumbawe ya umri huo yapo zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Hapo hakuna ubishi kwamba nchi inapanda.

Bahari nayo hushuka. Miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, Unguja ikawa imeungana na bara, ilhali Pemba ilibaki kisiwa kwa kuwa mkondo wake ni wa kina kirefu. Wakati huo mito ya pwani ilichimba mabonde yake kuifuata bahari. Athari za namna hiyo hudhoofika kadiri unavyokwea bara, hasa mto unapovuka miamba migumu, kwa hiyo huku kwetu tunabaki na sababu zile za kwanza: mwinuko wa nchi, mvua na mzigo wa udongo.

Kuzitenganisha kunahitaji umri. Mkaa uliozikwa kwenye mashapo hupimwa maabara, na hata punje ya mchanga inaweza kuonyesha ilifunikwa lini isipate jua tena. Ngazi ikiwa mita 12 juu ya maji na umri wake miaka 6,000, mto umekata kwa wastani wa milimita 2 kwa mwaka. Nimetoa mfano wa hesabu tu. Na tukumbuke kwamba ni wastani: mto haukati milimita 2 kila mwaka kwa utaratibu. Hukaa kimya miaka mingi, kisha usiku mmoja ukabeba shamba zima.

Wilaya yetu inalijua hilo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, watu wa Kilosa wakahama makazi yao, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yale yalitanda kwenye uwanda ambao mto wenyewe ulikuwa umeutandaza kwa mafuriko ya zamani.

Kwa hiyo uwanda wa chini kabisa, ule unaopakana na maji, bado ni wa mto. Utautambua ukichimba: matabaka membamba ya mchanga na tope jipya, yenye majani na vijiti visivyooza bado. Hapo ni mahali pa vitunguu na mpunga, na wakulima wa skimu ya Mwega wanaujua utamu wa udongo wake. Zao likipotea, msimu mwingine upo. Nyumba, darasa au zahanati, kwa maoni yangu, visijengwe hapo hata kama mzee wa mtaa hakumbuki maji kufika, kwa sababu kumbukumbu ya mtu ni fupi kuliko ya mto. Uwanda wa juu hutambulika kwa udongo uliokomaa, mara nyingi mwekundu na wenye mfinyanzi, juu ya kokoto za kale. Huko ndiko pa kujenga, ila si kwenye ukingo wake. Pale mto unapopinda, maji hugonga upande wa nje na kuula ukuta kutoka chini, na uwanda ambao haujafurika kwa maelfu ya miaka huporomoka vipande vipande.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wengi huiona ni sheria ya kumnyang'anya mkulima ardhi. Mimi naiona kuwa ndogo mno kwenye maungio ya nje ya mto, na ya kutosha kwenye sehemu iliyonyooka.

Kuhusu mzigo wa udongo, mfano mzuri upo mkoani mwetu. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, yakatokea maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Watafiti walipoyahesabu, karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na nyasi. Yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia 1. Udongo ule wote uliishia mitoni. Mto uliopewa mzigo wa namna hiyo hujaza kitanda chake, maji hupanda juu, na uwanda uliokuwa salama jana huanza kufurika. Anayefyeka kilimani anainua kitanda cha mto kwa jirani yake wa bondeni.

Kabla ya kijiji kugawa viwanja kando ya mto, naomba lichimbwe shimo la kimo cha mtu mzima na wajumbe wa serikali ya kijiji walitazame kwa macho yao. Na mvua zijazo zikitupa mafuriko, mtu mmoja katika kila kitongoji apake rangi kwenye mti au nguzo pale maji yalipoishia, aandike na tarehe, kisha ampelekee Mtendaji wa Kijiji aiingize kwenye daftari.