Bwana Carey Francis, Mwalimu wa Maseno, Alliance na Pumwani



Jina la Bwana Edward Carey Francis lilienea Kenya kwa sababu wengi katika wanafunzi wake walikuja kuwa mawaziri, madaktari na maprofesa. Hiyo ni sifa kubwa, lakini si hiyo inayomweleza mtu huyu vizuri kuliko zote. Jambo la kuangaliwa zaidi ni lile alilolifanya mwaka 1962, alipokaribia umri wa miaka 65, wakati ambapo watumishi wengi hufunga mizigo yao na kurudi kwao.

Alizaliwa London mwaka 1897. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta angali kijana. Akaingia katika kikosi cha mizinga cha jeshi la Uingereza, akawa afisa, na jina lake likatajwa katika taarifa za wakuu wa jeshi kwa utumishi wake mwema. Vita vilipokwisha alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu, akafaulu sana, akafanywa mwalimu wa hesabu katika Peterhouse. Mtu aliyefika hapo kwa kawaida haondoki. Ana mshahara, ana makao, ana heshima, naye aweza kukaa hata uzeeni. Yeye aliondoka mwaka 1928, akaja Nyanza kuiongoza shule ya misheni ya Maseno.

Pale Maseno alikaa miaka 12, na mwaka 1940 akahamia Kikuyu, karibu na Nairobi, kuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Alliance, ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926. Hakuoa, shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Aliwajua wanafunzi wake mmoja mmoja kwa majina. Aliandika pia vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki, na kimojawapo, kilichoandikwa kwa Kiswahili, chaitwa “Hesabu za Kikwetu”. Jina hilo lilikuwa na maana. Mtoto atajifunza upesi zaidi akihesabu vitu anavyoviona nyumbani kwao kuliko akihesabu vitu vya nchi asiyoijua.

Na baada ya hesabu, mpira. Mwalimu mkuu huyu hakukaa ofisini jioni. Alivaa kaptura, akashuka uwanjani kuwafundisha vijana mwenyewe. Katika mpira wa miguu mna somo ambalo ubaoni halipatikani. Kijana hodari wa chenga hupenda kushangiliwa, hung'ang'ania mpira hata anyang'anywe, na timu yake hufungwa kwa sababu yake. Akifundishwa kumpa mwenziwe aliye mahali pazuri zaidi, huenda asifunge bao hata moja, lakini timu hushinda. Vijana waliokuja Alliance walitoka makabila mbalimbali, wala hawakuwa na lugha moja ya mama. Uwanjani ilikuwa hakuna budi kutoa pasi kwa Mluo, kwa Mkikuyu, kwa Mluhya, kwa Mkamba, bila kuuliza.

Haifai kumsifu kana kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa mkali, na neno lake lilikuwa la mwisho. Hakuwaamini sana watu wa siasa, naye aliona kwamba Waafrika wangehitaji miaka mingi bado kabla ya kujitawala. Katika hilo historia haikumngojea: Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na katika baraza la kwanza la mawaziri walikuwamo watu aliowafundisha mwenyewe.

Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilimjaribu kuliko mambo mengine. Shule ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu. Aliwapinga Mau Mau waziwazi. Lakini aliyapinga pia matendo maovu ya askari wa Serikali juu ya raia, na jambo hilo halikuwapendeza Wazungu wote wa wakati ule. Shule haikufungwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo tangu 1955 hadi 1958, ameeleza jinsi alivyorudi nyumbani kwa likizo yake ya kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, darasa lenye kengele inayolia kwa saa yake halikuwa jambo dogo.

Basi mwaka 1962 alistaafu Alliance. Angaliweza kurudi Uingereza, na hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye alikwenda Pumwani, mtaa wa zamani wa Waafrika mashariki ya Nairobi, wenye watu wengi na fedha kidogo, akaingia katika shule ya sekondari ya hapo kama mwalimu wa kawaida. Mtu aliyetoa amri kwa miaka 34 sasa alikuwa chini ya mwalimu mkuu mwingine, akifundisha watoto ambao wengi wao hawakupata nafasi katika shule kubwa. Waziri aliyetaka kumwamkia mwalimu wake wa zamani alimpata huko, kati ya madaftari ya kusahihisha.

Alifariki tarehe 27 Julai 1966, akiwa angali mwalimu wa Pumwani.