Leseni Moja Haitoshi: Masharti ya Vipande Vilivyomo Ndani ya Programu Huria

Mada kwa semina ya maofisa TEHAMA, wanasheria na maofisa ununuzi wa taasisi za umma

Utangulizi

Washiriki wa semina hii hawahitaji kuelezwa upya maana ya programu huria. Ni programu ambayo msimbo wake uko wazi, na mwenye hakimiliki ameruhusu yeyote kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa kwa masharti ya leseni. Zipo leseni zenye masharti machache, kama MIT, BSD na Apache 2.0, ambazo sharti lake kubwa ni kutoondoa tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. Zipo zinazorithisha masharti yake, kama GPL: anayempa mwingine programu hiyo anawajibika kumpatia na msimbo, kwa masharti yaleyale. LGPL na MPL ziko katikati. Tanzania Bara, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999.

Hayo yanajulikana. Ieleweke pia kwamba mada hii si ushauri wa kisheria, na taasisi yenye shauri mahususi ikamwone mwanasheria wake.

Kisanduku kimoja kwenye fomu

Fomu nyingi za zabuni za mifumo zina kisanduku kimoja tu cha leseni. Mzabuni anaandika "programu huria", au akijitahidi sana anaandika "MIT", kamati ya tathmini inaweka tiki, na kazi inaendelea. Mtoa mada amekipinga kisanduku hicho kwa miaka mingi, vikaoni na kwa barua, na jibu limekuwa lilelile: fomu imeshapitishwa. Wakati huo mifumo imezidi kupokelewa, na hakuna anayejua ndani yake mna nini.

Mfumo wa kawaida wa wavuti una msimbo wa mkandarasi, maktaba za watu wengine, fonti, aikoni, ramani, data ya mfano na mwongozo wa mtumiaji. Kila kimoja kina mwenyewe na kina masharti yake. Leseni iliyo kwenye faili la juu kabisa la mradi inaeleza alichoruhusu mkandarasi kwa kazi yake mwenyewe. Haiwezi kutoa ruhusa kwa mali ya mwingine.

Yaliyotokea Machi 2021 yanafaa kusomwa na kila ofisa ununuzi. Kulikuwa na maktaba ndogo ya lugha ya Ruby iitwayo mimemagic, ambayo kazi yake ni kutambua aina ya faili: hii ni picha, hii ni PDF, hii ni sauti. Leseni yake iliandikwa MIT. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na faili moja la XML, orodha ya aina za mafaili, lililochukuliwa kutoka mradi wa shared-mime-info ambao leseni yake ni GPL. Mhusika wa mradi huo alipolieleza hilo, mwenye mimemagic aliyaondoa matoleo ya zamani na kutoa mapya chini ya GPL. Kumbe Ruby on Rails, inayoendesha tovuti nyingi duniani, ilikuwa ikiitegemea maktaba hiyo. Watengenezaji waliojaribu kujenga mifumo yao siku hizo walikuta kipande kinachohitajika hakipo. Ndani ya siku chache Rails walitoa matoleo mapya yasiyoitegemea mimemagic, nayo mimemagic ikarudi kwenye MIT baada ya kuacha kulibeba faili lile.

Faili moja tu, tena si msimbo, bali orodha. Hapa ndipo hoja ya "sisi tumeangalia leseni" inapoanguka, kwa sababu hata waliofungua mimemagic na kusoma leseni yake walisoma MIT.

Fonti nazo hupita bila kuulizwa. Nyingi zinazopatikana bure zina leseni ya SIL Open Font License, toleo 1.1. Leseni hiyo inaruhusu fonti kuwekwa ndani ya programu na kusambazwa nayo, lakini inakataza kuiuza fonti peke yake, na mwenye fonti anaweza kulihifadhi jina lake: ukiongeza herufi au kubadilisha umbo, toleo lako halitumii jina hilo bila idhini. Ramani ni hivyohivyo. Data ya OpenStreetMap, ikiwemo mitaa ya Dar es Salaam iliyochorwa na wanafunzi na wakazi kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata inayodai chanzo kitajwe. Vijana walitembea mabondeni kuchora mitaa ile, na kuufuta mstari unaowataja wachoraji kwa sababu "unaharibu muonekano" ni dharau na ni uvunjaji wa leseni.

Upo pia mtego wa programu ambayo masharti yake yanabadilika kwa namna ilivyojengwa. FFmpeg, inayotumiwa kushughulikia video, kwa msingi wake iko chini ya LGPL 2.1 au toleo la baadaye. Fundi akiijenga kwa chaguo la `--enable-gpl` ili apate x264, maktaba ya kusimba video, zao lote linakuwa chini ya GPL. Akiongeza `--enable-nonfree`, haruhusiwi kumgawia mtu zao hilo hata kidogo. Jina ni lilelile, na kwenye kisanduku cha fomu hali zote tatu zitaandikwa "FFmpeg, programu huria".

Katika afya, OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, iko chini ya MPL 2.0 pamoja na tamko la ziada la huduma za afya. MPL inahesabu faili kwa faili: faili lake ulilolirekebisha unalitoa kwa MPL, lakini moduli uliyoiandika mwenyewe katika mafaili mapya inaweza kuwa na leseni nyingine. Hospitali yenye moduli kumi za ziada haina leseni moja ya kujaza kwenye fomu.

"Sisi hatuuzi"

Utetezi unaosikika zaidi ni kwamba taasisi ya umma haiuzi programu. GPL haiulizi kuhusu kuuza. Taasisi ikiitumia yenyewe, ndani kwa ndani, haidaiwi kumpa mtu msimbo. Lakini mkandarasi anapoikabidhi taasisi mfumo, amegawa. Na wizara inapoweka nakala kwenye seva za taasisi nyingine, nayo inaweza kuwa imegawa. AGPL inakwenda mbali zaidi: toleo lililorekebishwa likitumiwa na watu kupitia mtandao, watumiaji hao nao wana haki ya kupata msimbo wake.

Ufaransa imetoa funzo la gharama. Orange ilishinda zabuni ya tovuti ya huduma za serikali mwaka 2005, ikaitumia maktaba ya Lasso ya kampuni ndogo ya Entr'Ouvert, iliyotolewa chini ya GPL, bila kuyafuata masharti. Kesi ilivutana miaka mingi, na Februari 2024 Mahakama ya Rufani ya Paris iliiamuru Orange ilipe zaidi ya yuro 500,000. Kesi hiyo yote ilihusu kipande kimoja ndani ya mfumo wa serikali.

Njia ipo

Kinachokera zaidi ni kwamba dawa imeshatengenezwa na haina gharama kubwa. Kila kifurushi cha Debian kinabeba faili liitwalo `copyright`. Mwenye kompyuta ya Debian au Ubuntu alifungue ndani ya `/usr/share/doc`. Katika mengi, baada ya aya ya kichwa, huja aya inayosema mafaili yote kwa ujumla ni ya nani na kwa leseni gani, kisha aya zinazofuata hutaja vighairi: folda hii ni ya mwingine, faili lile lina leseni tofauti.

Kernel ya Linux nayo, mwishoni mwa 2017, ilianza kuweka juu ya mafaili mstari mmoja, kwa mfano `SPDX-License-Identifier: GPL-2.0`. Hata humo masharti hayafanani: mafaili yanayotumiwa na programu za kawaida kuzungumza na kernel yana nyongeza inayoeleza kwamba programu hizo hazibanwi na GPL. SPDX, utaratibu wa kuorodhesha vipande vya programu na leseni zake, imekuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 5962:2021.

Mapendekezo

Kisanduku kimoja cha leseni kiondolewe kwenye fomu za zabuni. Mahali pake iwekwe orodha ya vipande vyote: jina, toleo, mwenye hakimiliki, leseni, na kama kimerekebishwa.

Orodha hiyo iwe sharti la malipo ya mwisho, wala isibaki kiambatisho cha hiari. Iandikwe kwa SPDX ili mashine iweze kuisoma, na isasishwe kila toleo jipya linapokabidhiwa.

Fonti, aikoni, ramani, data na miongozo ihesabiwe kama vipande. Jambo hili limeshasemwa hapo juu, na linarudiwa kwa makusudi kwa kuwa ndilo linalosahauliwa kwanza.

Mkandarasi akatazwe kufuta matangazo ya hakimiliki juu ya mafaili anayoyanakili. Akinakili maktaba ya mtu, aiache kwenye folda yake pamoja na leseni yake. Programu yenye chaguo za kujengea, kama FFmpeg, iambatane na amri kamili iliyotumika kuijenga.

Mwanasheria wa taasisi aitwe kabla ya mkataba kusainiwa. Akiitwa baada ya barua ya malalamiko, muda unakuwa mfupi: GPL toleo la 3 humpa aliyekosea mara ya kwanza siku 30 tangu ataarifiwe kurekebisha na kurudishiwa haki zake moja kwa moja, wakati toleo la 2 linakatisha haki papo hapo.

Mifumo iliyokwisha kupokelewa isisubiri zabuni mpya. Taasisi zianze na ile iliyogawiwa nje, hususan iliyopelekwa hospitalini na halmashauri, kila mfumo upate ofisa mmoja anayetajwa kwa cheo, na orodha ya vipande iwekwe pamoja na msimbo wenyewe kwenye hazina ya taasisi, mahali ambapo fundi atakayefuata ataikuta.