Nani Analipia Tangazo Lako?

(Maneno tuliyoyasema, sisi wa timu ya uwanjani, mbele ya mkutano wa wanachama wa Masisi na Walikale)

Aksanti kwa waliotoka upande wa Kibua na Kashebere. Tunajua barabara ilivyo.

Tumeombwa kusema juu ya matangazo ya biashara katika kikundi chetu cha WhatsApp. Mtu anaweza kusema ni neno dogo. Sisi pia tulidhani hivyo. Kikundi kilianzishwa kwa kazi mbili: habari za barabara na habari za msaada. Jioni moja mahali pa kuhakiki karatasi za familia palihamishwa, na mwenzetu aliandika ujumbe mfupi, mara moja tu. Juu yake na chini yake kulikuwa na mbegu za maharagi, picha ileile na maneno yaleyale tangu asubuhi. Kesho yake familia kadhaa zilifika mahali pa zamani, wazee na fimbo zao, watoto mgongoni, zikakuta uwanja mtupu. Mama mmoja alituambia: "Nilisikia simu inalialia, nikasema ni ile mbegu tu. Nikaizima, betri isiishe."

Kosa letu likafuata. Usiku uleule tulimtoa kikundini yule baba mwenye mbegu, bila kumwita, bila kumsikiliza. Siku ya tatu alikuja barazani, simu mkononi, akasimama mbele ya watu wote. "Miye nikinyamaza, deni hainyamaze," akasema. Ana mkopo wa AVEC. Alitoka kambi ya Bulengo akakuta shamba lake limekuwa pori, na msimu wa kupanda haumngoji mtu. Alikuwa na haki. Chama cha watu waliorudi kinachomkataza mwanachama kuuza, ni chama gani? Maharagi na jibini ya Masisi, mawese ya Walikale, hivyo ndivyo vinavyolipa karo ya watoto wetu siku msaada unapokwisha. Tulimwomba radhi, tukamrudisha, ndipo tukaanza kuzungumza kama ndugu.

Tulijiuliza mbona mahali pengine hatuna shida hii. Kanisani matangazo yana saa yake, yakisomwa yamesomwa. Kwenye kilio hakuna anayefungua mfuko wa chumvi na kutaja bei. Redioni, anayetaka komunike yake isomwe mara tano, analipia zote tano. Mwenye megafoni sokoni analipa kwa koo lake na kwa betri zake. Katika simu mambo yamegeuka: anayetuma analipa kidogo sana, na sisi tunaopokea ndio tunaolipa, kila mmoja wetu. Tunalipa kwa mega. Tunalipa kwa pesa ya kuchajisha. Kuna wanaopanda kilima kutafuta rezo, na rezo ikifika inawaletea picha ya jana. Lakini gharama kubwa ni ile aliyoisema yule mama: watu wanazoea kutofungua. Na wakishazoea, hata muuzaji amepoteza, maana bei yake mpya hakuna anayeiona.

Tusidhani ni ugonjwa wa Masisi. Aprili 1994, wanasheria wawili wa Arizona, Marekani, mume na mke, Canter na Siegel, walitupa tangazo moja katika maelfu ya vikundi vya mazungumzo ya kompyuta. Walikuwa wanauza huduma ya kuingia katika loteri ya green card, ile ile ambayo vijana wa hapa mnaijua sana. Watu walikasirika, wakawajibu kwa wingi hata mashine za kampuni iliyowaunganisha zikaanguka. Oktoba 1995 ulitolewa mwongozo wa adabu za intaneti. Unasema kwamba vikundi vingine hupokea matangazo kwa furaha na vingine huyachukia kabisa, basi ujue uko wapi kabla ya kutuma. Unasema pia kwamba chini ya barua mtu aweke jina na anwani yake, mistari isiyopita 4.

Hiyo mistari 4 tumeiiba. Ukijibu swali la mwenzako, ukamsaidia kweli, weka chini yake jina lako, unachouza na soko lako. Hakuna atakayekugombeza. Juma lililopita mtu aliuliza kwa nini mbegu yake haikuota, na ni yule baba aliyemjibu, kwa uvumilivu, juu ya namna ya kuchagua na kuweka mbegu. Chini akaandika jina na soko. Walimpigia simu siku hiyohiyo.

Tangazo lenyewe, tumepatana liwe moja kwa kila siku ya soko, lenye bei, kipimo na mahali. Bei ikibadilika, sema tena. Mzigo ukiisha, sema umeisha. Siku ya msiba au ya habari mbaya ya barabara, biashara ingoje kesho. Atakayekosea atapigiwa simu kwanza, peke yake, bila kuaibishwa mbele ya wengine.

Kijana mmoja alipendekeza tufunge kikundi, wasimamizi peke yao ndio waandike. Simu inaruhusu jambo hilo. Tulikataa. Anayeona daraja limevunjika saa kumi na moja asubuhi mara nyingi ni mama anayekwenda shambani, na yeye si msimamizi.

Na tujiseme sisi wenyewe. Picha ya ugawaji ileile, nembo ileile, tumeituma kikundini mara tatu au nne ili ionekane tumefanya kazi. Hilo nalo ni tangazo la kurudiarudia, na mega zilizoliwa ni za watu waliolala chini ya hema. Wafadhili wetu, picha hizo tangu sasa tutawatumia ninyi moja kwa moja. Kikundini tutaandika siku, mahali na karatasi za kubeba, basi.

Maswali tunayapokea. Wenye kuulizia mbegu, baba yuko pale nyuma karibu na mlango, bei ya leo atawaambia mwenyewe.