Kiondo Hakifuliwi Kama Suruali

(Mazungumzo yetu mbele ya vikundi vya akina mama wa Kitui na Makueni)

Wengine mmetoka mbali, na tunajua mmeacha mitungi nyumbani ikiwa mitupu, kwa hivyo hatutawachelewesha. Tumeombwa tuseme juu ya kuosha na kutunza kiondo. Tuliposikia hivyo tulicheka. Ni nani huku Ukambani asiyejua kiondo? Lakini sisi tulijifunza kwa hasara, na hiyo hasara ndiyo tumekuja nayo.

Kikundi chetu kilituma viondo 40 kwa mnunuzi. Baada ya mwezi, 11 vikarudi. Vitatu vilikuwa na ukungu ndani. Vile vingine, rangi nyekundu ilikuwa imeingia kwenye mistari myeupe, na kimoja, ati, kilipaka rangi gauni la mama aliyekibeba siku ya mvua. Pesa hizo tulikuwa tumezihesabu kwa karo ya muhula wa pili. Tukaketi chini ya mwembe tukalaumiana mpaka jua likashuka. Mwishowe susu mmoja, mkubwa wetu sote, akauliza, "Huo uzi mliusuuza mara ngapi?"

Tukanyamaza. Tulisuuza mara moja tu. Ilikuwa Septemba, maji ni ya kuchimba kwenye mchanga wa mto, na kwenda na kurudi ni nusu siku. Kumbe tuliokoa mtungi mmoja tukapoteza viondo 11!

Kwa hivyo jameni, utunzaji wa kiondo unaanza kabla hakijasukwa. Ukishachemsha katani kwenye rangi na chumvi, iache ipoe, halafu isuuze, umwage, usuuze tena, mpaka maji yatoke safi. Usiamini macho peke yake. Chukua kitambaa cheupe, kizungushe kwenye uzi ungali mbichi, kamua kwa nguvu. Kitambaa kikipata rangi, rudi kwenye karai. Maji ya mwisho, ambayo ni karibu safi, yaweke: yatafaa kusuuza mara ya kwanza fungu linalofuata. Lakini ile rangi ya dukani usiimwage kwenye sukuma wiki wala mahali mbuzi wanapokunywa.

Sisi sasa tunapaka rangi wakati wa mvua, Novemba na Desemba, na tena Aprili, matangi yakiwa yamejaa. Uzi mkavu tunauweka kwa gunia, tunasuka kiangazi chote. Walio karibu na mabwawa ya mchanga, kama yale SASOL ilijenga pamoja na wanakijiji wa Kitui tangu miaka ya 1990, wana nafuu kutuzidi.

Susu zetu wa zamani hawakuwa na taabu hii sana. Walisuka kwa nyuzi za magome ya mbuyu na za vichaka. Mkonge wenyewe ni mgeni: asili yake ni Mexico, na Afrika Mashariki uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Hindorf, huko Tanganyika. Miche 62 tu ndiyo ilifika ikiwa hai. Leo utafikiri ulizaliwa hapa.

Sasa kiondo kikichafuka. Kwanza kung'ute vumbi, upanguse kwa kitambaa kibichi. Mara nyingi hiyo inatosha, na tungependa watu waishie hapo. Kama uchafu umeshika, tumia maji baridi na sabuni ya kipande kidogo tu, usugue kwa brashi laini kufuata msuko. Usikiloweke. Usitie Jik. Maji moto hapana, hasa kwa kile chenye uzi wa sufu, maana kitajikunja na hakitarudi. Na usikikamue! Kiondo kikishapindwa kikiwa kibichi, kinakaa hivyo hivyo kama mzee mwenye kiuno. Ngozi ya mkanda isilowe. Ipanguse, halafu ipake Kiwi isiyo na rangi kidogo.

Kukausha ndiko wengi tunakokosea. Kijaze matambara makavu kishike umbo, ukiweke kivulini penye upepo, siku mbili au zaidi. Juu ya mabati jua litafifisha rangi na kufanya katani ikatike. Na katani hunywa unyevu hata wa hewa, kwa hivyo vile viondo vitatu vya ukungu tulivifunga kwenye karatasi za nailoni vikiwa bado na ubaridi ndani. Hilo lilikuwa kosa letu, si la mnunuzi. Siku hizi tunafunga kwa magazeti na gunia.

Nyumbani kitundike ukutani. Chini kuna mchwa. Juu ya jiko moshi unafukuza wadudu, ni kweli, lakini kiondo cheusi cha moshi nani atakinunua? Na kung'uta unga wote, panya hawajali kama kiondo kilikuchukua wiki mbili.

Tumeanza pia kufunga karatasi ndogo kwenye mkanda, kwa Kiswahili na Kiingereza, inayomwambia mnunuzi namna ya kuosha. Binti zetu wa sekondari ndio wanaandika.

Tukikutana tena, kila mmoja aje na uzi wake aliopaka rangi na kitambaa cheupe. Tutakamua hapa hapa, mbele ya wote. Wetu tutautanguliza.